Nguo Isiyo na Miguu

Neno sketi lilitufikia likiwa tayari limepewa jinsia. Lilikuja na shule ya Mzungu, na kwa kuwa shuleni msichana ndiye aliyeshonewa sketi na mvulana akashonewa kaptula, sisi tuliopitia humo tulitoka tukiamini kwamba nguo yoyote inayozunguka kiuno bila kugawanyika miguuni ni nguo ya kike. Mwambie leo kijana wa mjini kwamba babu wa babu yake alivaa sketi, naye atataka mshikane mashati. Kumbe kosa ni la neno tu. Lugha yetu, ambayo ina umri mkubwa kuliko shule hizo, haikuwa na taabu hiyo hata kidogo. Ina msuli, ina kikoi, ina saruni, ina kanzu, ina mgolole, ina lubega. Yote hayo ni mavazi ya mwanamume, na hakuna hata moja lenye miguu miwili. Suruali ndiyo mgeni, na hata jina lake tumelipokea kutoka kwa Waarabu, ambao nao walilipata kwa Waajemi.

Nataka kulizungumza jambo hili nikiwa nimesimama Bukundi, kwa sababu huko ndiko nilikoona nguo hiyo isiyo na miguu ikivaliwa bila maonyesho, na wanaume wenye kazi zao. Bukundi iko wilayani Meatu, katika mkoa wa Simiyu uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa Shinyanga na Mwanza. Ni nchi ya miiba, ng'ombe na pamba, iliyo kavu sehemu kubwa ya mwaka, na mvua ikinyesha udongo wake mweusi hushika mguu kama gundi. Wasukuma wako huko, Wanyiramba wako, na Wahadzabe hawako mbali. Lakini kabla Wasukuma hawajasogea mashariki na makundi yao ya ng'ombe, mbuga nyingi za upande huo zilijulikana na Wataturu, watu wa kabila la Wadatoga, wafugaji hodari wasiopenda maneno mengi. Mtaturu wa makamo aliyejifunga shuka lake la rangi nzito, ncha zake zikiwa zimekutana begani, fimbo mkononi na katambuga za tairi miguuni, ni mtu aliyevaa akamaliza. Hana kinachopungua.

Namna hiyo ya kujifunga ndiyo lubega. Shuka hupitishwa chini ya kwapa moja na kufungwa fundo juu ya bega la pili, hivyo mkono mmoja unabaki huru kabisa kwa fimbo au mkuki. Mwenye kuchunga ng'ombe anajua faida zake. Asubuhi ya kipupwe shuka ni koti, adhuhuri ni kivuli cha kichwa, usiku ni blanketi. Ndama aliyezaliwa porini hubebwa ndani yake. Mto ukijaa, mwenyewe hulikusanya shingoni akavuka, na ng'ambo analishusha likiwa kavu, wakati mwenye suruali anatafuta jiwe la kukalia ili aanze kazi ya kukunja. Sisemi haya kwa kuwasifu watu wa porini kama wafanyavyo watalii. Nasema tu kwamba vazi hili lilichaguliwa na watu wenye akili kwa kazi waliyokuwa nayo.

Wala tusijidanganye kwamba shuka ni la tangu na tangu. Kabla yake sehemu kubwa ya bara hilo ilivaa ngozi, na sehemu nyingine magome ya miti. Shuka lilikuja na misafara. Kuanzia miaka ya 1830, meli za Wamarekani kutoka bandari ya Salem zilileta Zanzibar kitambaa cheupe cha pamba kisichopaushwa, nacho kikaitwa merikani kwa jina la wenyewe. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani. Kitambaa kile kilipanda bara kichwani na begani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, kikawa fedha. Shuka lilikuwa kipimo kabla halijawa jina la vazi: mikono minne, yaani yadi mbili. Mashuka mawili yalifanya doti moja. Kwa doti ulinunua chakula cha msafara, ulilipa hongo kwa mtemi ili akuruhusu kupita, ulinunua pembe za ndovu na, Mungu atusamehe, ulinunua watu. Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe kati ya 1861 na 1865, merikani ikaadimika na vitambaa vya Bombay vikachukua nafasi yake. Na kaniki, kile kitambaa cheusi kilichotiwa nili ambacho hadi leo mganga wa Kisukuma hawezi kukikosa, nacho kilitoka Bara Hindi. Kwa hiyo mzee wa mbugani unayedhani amevaa ukale wa Afrika amevaa, kwa kweli, historia ya bahari nzima.

Pwani nako mambo yalikuwa na daraja zake, lakini daraja hizo hazikupimwa kwa miguu ya nguo. Mtumwa wa kiume alijifunga winda au kipande cha kitambaa kiunoni. Muungwana alivaa kanzu na kofia. Baada ya amri ya kukomesha utumwa Zanzibar mwaka 1897, waliokuwa watumwa wengi walijitwalia kanzu kama hati ya uhuru wao. Kanzu ni gauni, tukitaka kulisema kwa jicho la shule. Na hakuna aliyethubutu kusema kwamba mwanamume anayeivaa amejifanya mwanamke.

Suruali iliingia kwa njia ya kambi, shule na ofisi. Askari wa Kijerumani alipewa kaki. Askari wa King's African Rifles alipewa kaptula, na picha zake nyingi zinamwonyesha magoti nje. Mtumishi wa nyumbani kwa Mzungu, kinyume chake, alivishwa kanzu nyeupe na mshipi, na hivyo vazi la muungwana wa pwani likageuzwa kuwa sare ya mpishi. Wakati huo huo karani aliyepanda daraja alijulikana kwa suruali ndefu. Kwa muda wa miaka hamsini tu mtoto wa Kiafrika alijifunza, bila kufundishwa kwa mdomo, kwamba mwenye suruali ndefu anaandika, mwenye kaptula anatumwa, na mwenye shuka anasubiri nje.

Ningetegemea uhuru ungelifuta somo hilo. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipoingia katika urais wa Jamhuri, aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana na akasikitika mbele ya Bunge jinsi tulivyofundishwa kudharau vya kwetu. Lakini haikupita miaka sita, serikali hiyo hiyo ilianzisha huko Arusha kampeni ya mavazi dhidi ya Wamasai. Ilikuwa mwaka 1967 ikiingia 1968. Wamasai waliambiwa waache lubega, waache ngozi, waache kujipaka udongo mwekundu, wakate nywele ndefu za kimorani, wavae suruali kama Watanzania wengine. Mwenye lubega alikataliwa kupanda basi. Mbunge Mmasai wa Kenya, John Keen, alipaza sauti kupinga, na wakubwa wa Tanzania wakajibu kwa hasira kwamba hawako tayari kuwahifadhi raia wao kama wanyama wa kutazamwa na wageni.

Jibu lile si la kupuuza, nami sipendi wanaolicheka. Kulikuwa na Wazungu waliotaka Mmasai abaki kama alivyo ili wampige picha, na kiongozi wa nchi changa aliyekwisha kuona nduguze wakionyeshwa hivyo alikuwa na haki ya kuchukia. Kasoro ni kwamba hakuna aliyemwuliza Mmasai. Mzungu wa kamera alitaka avae shuka, ofisa wa mkoa alitaka avue, na wote wawili walikuwa wakizungumza juu ya picha yao wenyewe.

Tena tazama kichekesho cha miaka hiyo. Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha Operesheni Vijana, iliyoanza rasmi tarehe 1 Januari 1969, kupiga marufuku sketi fupi, nywele za bandia, madawa ya kujichubua na, angalia, suruali za kubana. Hivyo katika nchi moja, ndani ya mwaka mmoja, mwanamume wa Monduli alikuwa na hatia kwa kukosa suruali na mwanamume wa Kariakoo alikuwa na hatia kwa kuvaa suruali isiyofaa. Msichana naye alikimbizwa kwa sababu sketi yake ilikuwa fupi mno, na miaka mingi baadaye alizomewa kwa sababu alivaa suruali. Mtu akikaa akazipanga amri hizo mezani hataona kanuni yoyote ya heshima inayoziunganisha, ila moja: kwamba mwili wa raia ni mahali pa serikali kuandika inachotaka kusomwa na wageni.

Tusidhani hata hivyo kwamba sisi ndio tulioanza. Wako wafugaji wengine waliofanyiwa jambo hili miaka zaidi ya mia mbili kabla ya Wamasai, tena na Waingereza, tena huko huko kwao Ulaya. Ni Waskoti wa milimani. Vazi lao la kale lilikuwa kitambaa kimoja kirefu cha sufu chenye miraba, kilichokunjwa na kufungwa mshipi kiunoni, sehemu ya juu ikarushwa begani. Usiku mwenyewe alikifungua akakilalia. Msomaji wa Bukundi atakuwa ameshakitambua: ni lubega yenye mshipi. Watu wenyewe walikuwa wafugaji wa ng'ombe, wenye koo, wenye kisasi, na majirani zao wa nyanda za chini waliwaita wezi wa mifugo, maneno ambayo Mtaturu na Mmasai wameyasikia pia. Walipoasi mwaka 1745 na kushindwa mwaka uliofuata katika uwanja wa Culloden, Bunge la London lilipitisha sheria ya mavazi ya mwaka 1746, iliyoanza kutumika Agosti 1747. Mwanamume aliyekamatwa na nguo hiyo alifungwa miezi 6. Akirudia, alisafirishwa ng'ambo ya bahari kwa miaka 7. Ni askari tu wa jeshi la mfalme walioachwa waivae, maana jeshi lilijua kwamba mwanamume yule yule anayetisha akiwa adui atafaa akiwa askari.

Sheria ile ilifutwa mwaka 1782. Mwaka 1822 Mfalme George wa Nne alizuru Edinburgh, na Sir Walter Scott, mwandishi wa hadithi, akiwa mshereheshaji mkuu, mfalme mwenyewe akavaa kilti, kama inavyoitwa sketi ile ya mikunjo iliyotokana na kitambaa cha zamani. Matajiri wa nyanda za chini, ambao baba zao walicheka watu wa milimani, wakakimbilia kwa mafundi cherehani. Wakati huo huo wafugaji wenyewe walikuwa wakifukuzwa katika ardhi ya mababu ili kondoo wa makabaila wapate malisho. Vazi likapanda cheo, mwenye vazi akapoteza ardhi. Kila ninapoona bango la utalii lenye morani aliyevaa shuka jekundu la miraba akiruka juu, nakumbuka habari hiyo, na naanza kuuliza habari za malisho.

Hata pwani yetu kilti ilifika. Mombasa, katika siku za ngoma ya beni, makundi yalishindana kwa sare na vyeo vya kijeshi, na mojawapo lilijiita Scotchi, mpinzani wake likiwa Kingi. Vijana wa Scotchi waliwaona wanajeshi wa Kiskoti na filimbi zao za mifuko, wakashona kilti wakacheza nazo barabarani. Waswahili wale hawakuona aibu ya kike mle. Waliona jeshi, nguvu na madaha.

Na Usukuma kwenyewe, nenda Bujora karibu na Mwanza, kwenye jumba la makumbusho lililoanzishwa na padre David Clement, au kwenye sherehe za Bulabo mwezi Juni, Wagika na Wagalu wanaposhindana. Wanaume wamejifunga vitambaa viunoni, njuga miguuni, wanarusha majembe hewani. Mkuu wa wilaya amekaa jukwaani anapiga makofi. Kesho yake mmoja wa wachezaji hao akifika ofisini na kitambaa hicho hicho ataulizwa kama ana akili timamu. Ngomani vazi ni utamaduni. Mlangoni ni uchafu. Hapo ndipo linaponiuma, kwa sababu nimelishuhudia.

Mzee mmoja wa Bukundi alikuwa na shauri la mipaka ya malisho, akasafiri usiku kucha hadi kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja. Nilikuwa kwenye benchi nikingoja shida yangu. Alivaa lubega safi kabisa, imefuliwa, ina harufu ya sabuni. Alisalimia watu wote, wakubwa kwa wadogo. Kijana wa mlangoni, aliyeweza kuwa mjukuu wake, akamwambia kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, "Shikamoo mzee. Samahani, rudi kwanza ukavae, ndipo uje kumwona bwana mkubwa."

Mzee akajitazama, akajibu, "Marahaba mwanangu. Lakini nimevaa."

"Najua mzee. Nasema, uvae suruali."

Palikuwa kimya. Kisha mzee akatoka nje, na mjukuu wake aliyemsindikiza, mwenye suruali ya jinzi, akamfuata nyuma ya ukuta. Baada ya dakika chache aliingia mzee ndani ya jinzi ya kijana, imemwishia juu ya vifundo, ameishikilia kwa mkono mmoja kwa sababu hapakuwa na mkanda. Aliruhusiwa kupita. Alikaa mbele ya mkubwa akieleza habari za malisho ya ukoo wake huku mkono mmoja umeshika kiuno cha suruali isiangukie magotini. Mtu aliyeingia na heshima yake yote alilazimishwa kuivua ili aonekane mwenye heshima. Mjukuu alibaki nyuma ya ukuta, amejifunika shuka la babu, akitafuna kijiti.

Watu hupenda kusema kwamba wanaume wa Meatu walivaa suruali kwa sababu ya elimu, au dini, au amri za chama. Vyote vilisaidia. Pesa ya pamba ilisaidia zaidi: Shirikisho la vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba la Victoria, lililoundwa mwaka 1955, liliweka shilingi mikononi mwa watu ambao hawajawahi kuwa nazo, na kitu cha kwanza walichonunua baada ya baiskeli kilikuwa suruali na koti la kwendea mnadani. Hata hivyo shuka halikuondoka. Lilivuka miaka ya neema, likavuka na ile miaka migumu ya mwishoni mwa 1970 na mwanzoni mwa 1980, wakati nguo zilipoadimika madukani hata watu waliolima pamba kwa ekari wakakosa kipande cha kaniki cha kumzikia marehemu.

Kwa maoni yangu kilichobadilisha mambo ni mitumba. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, marobota ya nguo kuukuu za Ulaya na Marekani yalifika hadi minada ya mbugani, na kwa mara ya kwanza katika historia ya sehemu hizo suruali ikawa rahisi kuliko shuka jipya. Kile ambacho kampeni za serikali hazikuweza kukikamilisha kwa kukamata watu, mfanyabiashara wa mitumba alikifanya kwa kupiga kengele na kutaja bei. Mwanamume alianza kuvaa kaptula chini ya lubega, kwanza kwa ajili ya siku za ofisi na hospitali, kisha kila siku. Hivyo ndivyo wengi wanavyovaa siku hizi: kaptula au jinzi ndani kwa ajili ya ulimwengu, shuka juu kwa ajili ya baridi, miiba na ng'ombe. Wazee wachache hawakuongeza kitu chochote ndani, nao hawajaulizwa.

Huko Dar es Salaam na katika hoteli za Zanzibar, Mmasai mlinzi akienda kuomba kazi hawezi kuipata kwa urahisi akiwa na suruali. Mwenye hoteli anataka lubega, sime kiunoni na rungu. Vijana wengine ambao si Wamasai wameliona hilo, nao wananunua shuka ili waajiriwe. Basi la 1968 lilimkataa mwenye lubega, na lango la hoteli leo linamkataa asiye nayo.

Bukundi siku ya mnada huoni mambo hayo makubwa. Mashuka yametundikwa kwenye kamba kati ya miti, mekundu, ya zambarau, ya buluu yenye miraba, mengi yameandikwa pembeni majina ya viwanda vya mbali. Chini ya kamba hiyo hiyo, juu ya turubai, kuna lundo la suruali za mitumba. Vijana huchambua lundo wakipima kwa macho, kisha hunyoosha mkono juu wakavuta shuka, wakalizungushia mwilini juu ya shati kuona kama linafika magotini. Muuzaji anataja bei ya vyote viwili kwa pamoja.